Damu ya Namba 2217

Shamba la chai lina tabia moja mbaya: linapenda namba kuliko watu. Nyapara hakuiti kwa jina ulilopewa na mama yako. Anakuita kwa namba iliyo kwenye kadi yako ya kazi, na karani wa mizani akipokea kikapu chako anaandika namba hiyo na kilo zake, basi. Kama mikono iliyochuna ni ya mwenye namba au ni ya jirani yake, mizani haiulizi. Ndiyo maana huko kati ya Kericho na Sotik watu walikuwa wakiazimana namba kama wanavyoazimana sufuria. Mmoja ana msiba nyumbani, mwenzake anachuna kwa namba yake ili isifutwe. Hakuna aliyeona kuna ubaya. Na kwa majani ya chai peke yake, haki ya Mungu, ubaya haukuwa mkubwa.

Bonareri hakuwa na namba. Alivuka kutoka upande wa Kisii mwanzoni mwa mwaka wa 1996, msichana wa miaka ishirini na miwili, nguvu tele na bahati haba, na kila mwezi ofisi ilimwambia ajaribu mwezi ujao. Aliyemwonea huruma ni Eddah, mama mmoja kutoka kando ya ziwa, mchunaji wa miaka tisa, mwenye nyumba ya chumba kimoja na jiko kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Mumewe Gordon alifanya kazi ya kukata miwa huko chini kwenye joto, akija kumwona kila mwisho wa mwezi. Mtoto wao wa kwanza, Phelix, alikuwa kwa nyanya yake. Eddah alimpa Bonareri pa kulala pale jikoni, akamfundisha kuchuna majani mawili na ncha bila kuumiza mti, na hakumdai hata shukrani. Namba ya Eddah ilikuwa 2217.

Mwezi wa tatu mama yake Eddah akafariki. Msiba wa kwao si wa kwenda asubuhi na kurudi jioni, na yeye ndiye alikuwa kifungua mimba. Sheria ya shamba nayo ilijulikana: ukikosekana siku nyingi mno namba inafutwa, na nyumba anapewa mwingine. Eddah alikuwa na mimba ya miezi mitano, tayari nesi wa dispensari ya shamba amemwandikia kadi ya kliniki.

"Bona, nishikie namba," alimwambia. "Nikirudi nikute bado nina mlango."

"Enda uzike mama," Bonareri akamjibu. "Mimi ndiye 2217."

Alisema hivyo akicheka.

Wiki ya pili ya matanga, mtu wa maabara kutoka hospitali ya misheni akaja dispensari. Alikuwa akija mara moja kila miezi mitatu kuwatoa damu akina mama wenye mimba ambao hawajapimwa. Nesi alikuwa na orodha, na orodha yenyewe ilikuwa ya nini? Ya namba. Saa nne asubuhi nyapara akatokea katikati ya mistari ya chai, mwavuli kwapani, viatu vya mpira hadi magotini. Jina lake Mathew, mtu wa hapo hapo, mwenye shamba lake dogo la chai na ng'ombe watatu, na sauti ya kuitia ng'ombe hao hao.

"2217! Dispensari, saa hii!"

Bonareri akasimama na kikapu mgongoni. "Lakini nyapara, mimi si..."

"Najua wewe si. Unafikiri mimi ni kipofu?" Mathew akashusha sauti. "Nesi akiandika kwamba 2217 hakutokea, ofisi itauliza yuko wapi. Halafu itauliza ni nani amekuwa akichuna, na nani alinyamaza. Enda toa damu urudi. Damu ni damu."

Akaenda, na ile eproni ya plastiki ya kuchunia na sweta kubwa la Eddah, tumbo lisionekane kama lipo au halipo. Wanawake kama ishirini walikuwa wameketi kwenye benchi, kila mmoja amenyamaza kama aliyeitwa polisi. Miaka hiyo ilikuwa hivyo. Mtu akitolewa damu, kabla sindano haijakauka, laini nzima ilikuwa imeshaamua anatafutwa ugonjwa gani. Bonareri aliogopa. Alikuwa na lake alilokuwa akilikumbuka, kijana mmoja wa soko la Ndanai, na hakutaka kujua lolote. Kilichomtuliza ni wazo moja, na baadaye alilionea aibu sana: likitoka jibu baya, litaandikwa jina la Eddah.

Mtu wa maabara aliitwa Johana, mrefu, mpole, miwani yake imeshikwa kwa uzi upande mmoja. Alipoona vile wanawake wanavyotetemeka, akaweka sindano chini.

"Akina mama, tulizeni roho. Hii damu siichukui nikawashtaki nayo. Nataka kujua kwanza kama inatosha. Mama akijifungua anamwaga damu hata kama kila kitu kimeenda sawa. Sasa, debe lililojaa likivuja kidogo, nani atajali? Lakini debe lenye maji ya chini kabisa likivuja vile vile, limekwisha. Na mimi kwa macho sioni debe lako lina ngapi. Mwili ni mjanja. Unazoea upungufu pole pole, unachuna chai, unabeba kuni, unacheka, kumbe uko chini. Karatasi ndiyo itaniambia. Tena naangalia kundi la damu, maana siku ya kuongezewa si siku ya kuanza kuulizana. Na kaswende. Mama anaweza kuwa nayo bila hata kipele, na mtoto akazaliwa amekufa."

"Na ile nyingine?" mama mmoja akauliza, macho chini.

"Ile simpimi mtu kwa kumwibia. Nikitaka kuipima nitakuambia."

Bonareri akapumua. Akatoa mkono. Kichupa kikajaa damu nzito nyekundu, na Johana akabandika karatasi ndogo juu yake: 2217.

Baada ya wiki moja majibu yakarudi. Nesi, aliyezoea kuangalia kadi kuliko nyuso, akasoma akatabasamu. "2217, wewe damu yako ni ya kuringia! Kumi na mbili nukta nane. Kundi B. Kaswende hakuna." Vidonge vya kuongeza damu vilikuwa vichache mwezi huo, vikapewa wale waliokutwa chini ya kumi. 2217 hakupewa, na kwa nini apewe? Bonareri alirudi shambani akijisikia mzima kuliko siku zote. Mjinga yule! Alitembea akiringia damu iliyoandikiwa mtu mwingine.

Eddah aliporudi kutoka msibani walikaa jikoni wakaiangalia ile kadi wakacheka hadi machozi. "Kumbe mimi nilikuwa kwa matanga, na damu yangu iko hapa inachuna chai," Eddah akasema. Akaikunja kadi akaiweka ndani ya Biblia. Ndio mwisho wa maneno hayo, walidhani.

Mwezi wa tano Eddah akaanza kusimama katikati ya mteremko, mkono kiunoni, akihema. Bonareri akamchukulia kikapu. Mwezi wa sita ilikuwa akiinama anaona nyota mchana. Akaanza kutafuna yale mawe laini ya kuliwa yanayouzwa sokoni, kwanza kipande, halafu mfuko mzima kwa siku, mdomo mweupe kama aliyekula chokaa. Viganja vyake vilipauka. Moyo, alisema, unapiga hadi masikioni. Akaenda dispensari, akamweleza nesi. Nesi akafungua kadi.

"Kumi na mbili nukta nane? Mama Phelix, una damu kuliko mimi ninayekutibu. Hiyo ni mimba tu, na uvivu kidogo. Pumzika, kunywa maziwa."

Eddah akasema asante, akarudi nyumbani.

Jioni ile Bonareri alikuwa akisonga ugali. Maneno ya Johana yalimrudia, yale ya debe. Hofu ikamwingia taratibu, ikakaa.

"Mama Phelix, turudi tukaseme wapime tena."

"Tukaseme nini?" Eddah alikuwa amelala ubavu. "Niwaambie ile ya kwanza ilikuwa ya nani? Nesi ataandika, ofisi itasoma, na mimi nitazaa mtoto chini ya mti."

"Basi twende Sotik, kwa kliniki nyingine."

"Kliniki gani mama mwenye mimba anaenda wasimwulize kadi? Na Jumamosi tunachuna, Jumapili wamefunga. Wiki ijayo, Bona. Wiki ijayo."

Wiki ijayo ikaja, ikaitwa tena wiki ijayo. Bonareri hakusukuma sana, na tuseme ukweli: alikuwa na sababu zake. Ofisi ilikuwa imemwambia kwamba mwezi wa nane wataandika watu wapya, na Mathew ndiye angetoa majina. Kila alipomwona Eddah akishika ukuta ili asianguke, alijiambia labda ni mimba kweli, nesi si mjinga. Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humwumbua. Hapa waliokuwa wakificha walikuwa wawili.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, manyunyu na ukungu wa baridi, uchungu ukamshika Eddah alfajiri. Mtoto hakungoja mtu. Kabla ya saa tatu asubuhi alikuwa amezaliwa pale pale chumbani, msichana, analia vizuri, mikononi mwa jirani mmoja aliyezoea kazi hiyo, Bonareri akishika taa na maji. Kondo la nyuma likatoka. Wote wakasema Mungu asifiwe. Kisha jirani akaangalia chini, akaangalia tena, na uso wake ukabadilika.

"Hii damu inakuja zaidi. Tafuteni gari."

Bonareri alikimbia bila viatu hadi kwa Mathew. Aliyekuwa na funguo za pikapu ya shamba siku za Jumapili ni yeye. Mathew alikuwa amevaa suti tayari kwa kanisa. Alipoona mikono ya Bonareri hakuuliza swali. Walimlaza Eddah nyuma juu ya godoro, mtoto amefungwa kifuani kwa Bonareri, kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki, wakashuka ile barabara ya udongo mwekundu wakiteleza hadi hospitali ya misheni.

Zamu ilikuwa ya mwanamke kijana aitwaye Nelvine. Kwa vyeo hakuwa daktari kamili, lakini mgonjwa anayevuja hajali vyeo, kila mtu alimwita daktari. Alikuwa mwepesi wa mikono. Akapiga sindano ya kukaza tumbo la uzazi, akalikanda, akatundika maji ya drip, na damu ikapungua ikawa ya matone. Bonareri akataka kupiga magoti kwa furaha. Ndipo Nelvine akachukua kadi.

"Amepoteza nyingi. Amepauka," alisema, akivuta kope la Eddah. "Lakini alianza na kumi na mbili nukta nane. Mwenye hiyo anaweza kumwaga hivi na bado akasimama. Maabara leo imefungwa, Johana yuko kwenye mkutano wa kanisa ng'ambo ya mto, atarudi saa nane. Gari letu nalo limempeleka mtoto mgonjwa hospitali ya Longisa. Tutamngoja." Akawatazama. "Kadi ni yake? Alipimwa mwezi wa tatu?"

Swali lilikuwa jepesi. Mathew akajibu haraka. "Ni yake."

Nelvine akamgeukia Bonareri, na Bonareri akatikisa kichwa kukubali.

Ilikuwa saa tano. Nelvine aliitwa na mgonjwa mwingine, na Mathew akamvuta Bonareri hadi kwenye ukumbi, karibu na benchi la wageni. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Sikiliza. Damu imekatika, umeona mwenyewe. Ukifungua mdomo wako, kesho sote watatu tuko nje ya geti. Yeye na mtoto wa siku moja. Mimi na miaka kumi na minne ya kazi. Na wewe hautaandikwa shamba lolote kuanzia hapa hadi Nandi. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Saa nane watampima wenyewe. Ukweli utajitokeza bila sisi."

Ilikuwa na akili, hiyo hoja. Mambo mengi mabaya huanza na hoja yenye akili. Bonareri akarudi akakaa kando ya kitanda, mtoto kifuani, akaanza kungoja saa nane. Aliangalia maji yakidondoka kwenye mpira, tone, tone. Alimwangalia Eddah. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Pumzi ilikuwa fupi fupi, kama mtu anayepanda mlima na hali amelala. Kila baada ya muda aliomba maji. Halafu akaomba wafungue dirisha, kwa sababu ni giza.

Dirisha lilikuwa wazi.

Bonareri akaliangalia, akamwangalia Eddah. Aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza, na hofu hizo mbili zilikuwa zikimvuta kila moja upande wake. Alijiambia, dakika tano. Akajiambia tena. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo, kisha saa sita kamili. Eddah akaanza kuzungumza kwa lugha ya kwao, na mama yake, yule waliyemzika mwezi wa tatu. Alizungumza naye vizuri tu, kama mtu aliye karibu, na huyo mama ndiye aliyemtoa Bonareri kwenye kiti.

Alimkuta Mathew mlangoni akichezesha funguo, anataka kurudisha gari kabla ofisi haijajua limetoka. Akampita. Alimkuta Nelvine akiandika.

"Daktari, kumi na mbili ni yangu."

"Nini?"

"Ile damu iliyopimwa. Si yake, ni yangu. Nilikuwa nachuna kwa namba yake, wakaita namba nikaenda. Yeye hajawahi kupimwa hata siku moja. Alikuwa anaona kizunguzungu, anakula mawe, moyo unamwenda mbio, na kila akija wanasoma kadi wanamwambia ana damu." Alikuwa analia sasa, kwa sauti, kila mgonjwa anamsikia. "Mimi ndiye B!"

Nelvine hakumgombeza. Aliweka kalamu chini, akasema kwa sauti ndogo sana, "Na mimi nimekuwa nikimjaza maji. Kama alikuwa na kidogo, hata hicho nakifanya chepesi." Akasimama, kiti kikaanguka. "Gari! Nani ana gari?"

Mathew alikuwa pale pale, funguo mkononi. Wakatazamana, yeye na Bonareri. Tuseme nini juu ya yule mtu? Angeweza kusema petroli imekwisha. Hakusema. Akageuka akakimbia, suti na yote, na pikapu ikatoka getini ikirusha matope.

Johana alikuja na tai shingoni na Biblia mkononi. Akachukua damu ya Eddah. Safari hii kilichoingia kwenye kichupa kilikuwa chepesi, rangi ya chai ya rangi. Alipotoka maabara uso wake ulikuwa umefungwa.

"Tatu nukta tisa. Kundi O."

"Kuna nini kwenye friji?" Nelvine akauliza.

"Pakiti moja. Ni B."

Bonareri akasogea mbele. "Mngemwekea hiyo. Kwa sababu ya kadi mngemwekea."

"Hapana," Johana akasema. "Hakuna kadi ninayoiamini kiasi hicho. Kabla ya kumwekea mtu damu naichanganya kwanza na ya kwake nione kama zinaelewana. Zingegandana, ningejua. Lakini ningejua saa nane, mama. Saa nane ningekuwa nampima maiti."

Bonareri akavuta mkono wa sweta hadi begani. "Basi toa yangu. Toa yote. Wewe mwenyewe uliandika ni nzuri."

"Ni nzuri. Lakini wewe ni B. Mwilini mwake itamwua." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma. Damu aliyokuwa amempa Eddah kwenye karatasi haraka haraka, bila kuulizwa mara mbili, sasa hata angeimwaga ndoo nzima isingemfaa kitu.

Johana akamtazama Mathew. "Na wewe, mzee?"

Wakampima kundi. O.

Sasa ndipo mwanaume yule wa sauti kubwa alipoishiwa sauti. "Na hiyo damu yangu... mtaipima kitu kingine?"

"Damu ya kumpa mgonjwa lazima ipimwe na ile nyingine. Nakuambia kabla, kama ninavyomwambia kila mtu. Jibu litakuwa langu na lako tu."

Mathew alikaa kwenye benchi, jasho likimtoka kwa ile baridi. Bonareri aliona waziwazi kwamba yeye naye alikuwa na soko lake la Ndanai. Kutoka chumbani ikasikika sauti ya Eddah ikimwita mama yake.

"Mzee," Nelvine akasema, "yule hana muda wa wewe kufikiri."

Mathew akavua koti. Akakunja shati. Aligeuza uso pembeni damu ilipokuwa ikitoka, na ile nusu saa ya kungoja kipimo alikaa amefumba macho, akiomba kwa Kipsigis kwa sauti ambayo hakujua inasikika. Johana alipotoka na kumtikisia kichwa, kwamba ni safi, alilia kama mtoto. Pakiti ikatundikwa ikiwa bado na joto lake. Siku iliyofuata Gordon akaja kutoka kwenye miwa, naye akakutwa O, akatoa ya pili.

Mathew sasa. Jumapili alimpa Eddah damu yake, na Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa ofisini akieleza jinsi wanawake wawili walivyomdanganya miezi mingi na yeye hana habari. Alibaki na kazi yake. Binadamu ni huyo huyo, usimtafute mwingine.

Jumanne Eddah aliamka akajua yuko wapi. Mtoto alikuwa ubavuni pake, amelala. Bonareri alikuwa amekaa pale tangu asubuhi akipanga maneno, na yote yakampotea.

"Ulisema?" Eddah akauliza.

"Nilisema."

"Na namba?"

"Wameifuta jana. Wametupa hadi mwisho wa mwezi kutoa vyombo."

Eddah akamfunika mtoto vizuri. Miaka tisa ilikuwa imekwenda. Bonareri akangoja atukanwe. Hakutukanwa, na hilo likamfanya aseme lile alilokuwa ameapa kulificha.

"Mama Phelix, sikusema mara moja. Waliniuliza kama kadi ni yako nikakubali. Nilikaa hapa saa nzima nikikuangalia. Saa nzima. Niliogopa shamba kuliko nilivyoogopa ufe."

Eddah akageuza kichwa pole pole juu ya mto. Macho yake bado yalikuwa meupe, lakini yalimwona vizuri.

"Wewe saa moja," akasema. "Mimi nilikuwa na mdomo wangu miezi mitatu. Nilijua, Bona. Kila asubuhi nikiamka nilijua."

Kisha akaomba anyanyuliwe kidogo, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kutafuta ziwa.